Kupiga Mombasa kutoka Wete: 005, 000, jumlisha au WhatsApp?

Mama yangu ana daftari la namba za simu ambalo umri wake unakaribia wangu. Jalada lilishang'oka zamani, kurasa zimebanwa kwa mpira wa pesa. Yeye hapangi watu kwa majina, huwapanga kwa miji, kwa hiyo ukurasa wa herufi M ndio uliojaa kuliko zote: Mombasa, Maskati, Moroni, Maputo, Mayotte. Familia ya Pemba ndivyo ilivyo, imetawanyika kwa M.

Dada yake wa Mombasa ameandikwa mara tatu. Mara ya kwanza kwa wino wa marehemu baba: 005 41, kisha namba ya simu ya mezani ya duka moja la Mwembe Tayari. Mara ya pili kwa penseli, mkono wa binamu yangu alipokuja arusini Wete: 0712 na tarakimu sita, basi. Mara ya tatu kwa biro, mwandiko wangu: +254 712 na zile zile sita.

Mimi nina kibanda cha vocha na uwakala wa pesa Darajani, Unguja, na swali la daftari hilo naulizwa karibu kila siku, zaidi zikikaribia sikukuu. "Kodi ya Kenya ngapi?" Kodi hapa si ile ya mamlaka ya mapato, ni msimbo wa nchi, ingawa na huu nao ukikosea unakulia pesa. Watu huondoka na jibu la tarakimu tatu, kisha baada ya nusu saa wanarudi: haikupita. Tatizo huwa haliko kwenye tarakimu tatu. Liko kwenye kuchagua njia, maana njia ziko nne na kila moja ina mahali pake.

Ile ya penseli kwanza, kwa sababu si njia

Binamu yangu aliandika namba ya mama mkubwa kama wanavyoiandika kwao. Kwao ni sahihi. Ukiipiga kutoka Wete simu inaita vizuri kabisa, na hapo ndipo ubaya ulipo: ingekataa, mtu angejua amekosea.

Kenya, Tanzania na Uganda zote zinaandika namba za mkononi kwa umbo moja, sifuri na tarakimu tisa nyuma yake, na mianzo mingi inafanana. 0712 ipo Kenya na ipo Tanzania. Mfano mzuri zaidi ni 0777, ambayo kila Mzanzibari anaijua tangu enzi za mtandao wa Zantel. Mtu wa Kampala akiiona atakwambia hiyo ni ya MTN. Wa Nairobi atasema ni Telkom. Wote watatu wana haki. Tarakimu zile zile kumi zinaweza kuwa za watu watatu katika nchi tatu, na kinachowatenganisha ni msimbo peke yake: 254 Kenya, 255 Tanzania, 256 Uganda. Simu yako usipoiambia nchi, inachukua kwamba unataka mtu wa hapa hapa.

Mama alipoipiga ile ya penseli alipokea mwanamume wa Mwanza. Alimwambia kwa adabu, "Umekosea namba, mama." Mama akaangalia daftari, akaona hajakosea hata moja, akapiga tena. Akapokea yule yule. Mara ya tatu yule bwana aliuliza anamtafuta nani, na mama akamweleza habari ya dada yake tangu mwanzo, ukoo mpaka ukoo. Vocha ikaishia kwa mtu wa Mwanza.

Wa baba: 005

Hii ndiyo ninayoipenda kwa moyo na siiuzi kwa mteja. Kutoka Tanzania, 005 inakupeleka Kenya na 006 Uganda. Aliye Kenya au Uganda akitaka Tanzania anapiga 007. Baada ya tarakimu hizo tatu unaweka namba ya huko bila sifuri yake ya mwanzo. Mombasa mjini, simu za mezani ni 041. Kwa hiyo 005, halafu 41, halafu namba. Nairobi ni 020, inakuwa 005 20.

Si msimbo wa kimataifa. Ni njia ya mkato ya majirani watatu, na mtu wa nne haimhusu. Nchi hizi zilikuwa na shirika moja la posta na simu mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na ukipiga 005 bado unasikia harufu ya wakati ule, kama vile Mombasa ni mkoa tu wa upande wa pili wa mkondo. Rwanda na Burundi zilizoingia katika Jumuiya mpya mwaka 2007 hazimo kwenye mkato huu. Kigali ni 250 na Bujumbura ni 257, na unazifikia kwa njia ndefu kama unavyoifikia London.

Faida yake ni ufupi. Kwa simu ya mezani ya kupiga kwa vidole, tarakimu tatu badala ya sita ni raha, na mzee aliyeizoea anaikumbuka kwa mkono bila kufikiri. Hasara ni kwamba inategemea umesimama wapi. Siku mama alipovuka kwenda Mombasa mwenyewe na daftari lake, 005 ilikuwa haina kazi: alikuwa tayari ndani ya Kenya. Ukiwa Maskati haina maana yoyote. Na ukiihifadhi kwenye simu ya kisasa, WhatsApp haiijui. Jina litakaa kwenye orodha lakini mtu hatatokea.

Kama ofisini kwenu kuna simu ya mezani na mnapiga Mombasa kila wiki, ijaribuni, ikipita itumieni. Kwenye simu ya mkononi sioni sababu.

000, ya ofisini

Hii ndiyo njia rasmi ya kutoka nje ya nchi kutoka Tanzania: 000, msimbo wa nchi, namba bila sifuri. Mombasa kwa mezani ni 000 254 41 na namba. Kenya na Uganda nazo hutoka kwa 000. Hapo watu huchanganyikiwa kidogo, kwani sehemu kubwa ya dunia hutoka kwa sifuri mbili. Ami yangu wa Maskati, Oman, akinipigia anaanza 00 255, na kwa miaka mingi alikuwa akituagiza: "Pigeni sifuri sifuri, tisa sita nane." Kwake sawa. Kwa simu ya mezani ya Unguja inakosa sifuri moja, haiendi. Mtu wa Rwanda, Komoro na Msumbiji naye anatoka kwa 00.

Kwa hiyo 000 nayo ina kasoro ile ile ya 005, inabadilika ukivuka mpaka, ila yenyewe angalau inakufikisha nchi yoyote duniani. Nafasi yake ni moja: simu isiyo na kitufe cha jumlisha. Mezani, mapokezi ya hoteli, ofisi ya skuli.

Jumlisha

Alama ya + si pambo. Inaiambia simu: weka wewe mwenyewe tarakimu za kutokea zinazotumika hapa nilipo. Ukiwa Wete, mtandao unajua ni 000. Ukiwa Maskati unajua ni 00. Wewe hukumbuki chochote. Namba iliyoandikwa +254 712 na zilizobaki itampata mama mkubwa ukiwa Chake, ukiwa Dubai, na hata ukiwa sebuleni kwake mwenyewe huko Mombasa, maana ukipiga na msimbo wa nchi uliyomo ndani yake bado inapita kama simu ya kawaida.

Kwenye simu za kupapasa unashikilia sifuri mpaka jumlisha itokee. Kwenye vitochi vingi vya Nokia unabonyeza kinyota mara mbili haraka. Hili la kinyota nimewaonyesha wazee wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mmoja hushangaa kama nimemtolea sungura kwenye kofia: simu ameishika miaka kumi hajui kwamba jumlisha imo.

Makosa ya hapa ni mawili tu, lakini ni ya kila siku. La kwanza ni kuacha sifuri: +254 0712. Sifuri ile ni ya watu wa ndani, kazi yake kuiambia simu "nataka mji au mtandao mwingine humu humu nchini". Ukishataja nchi, inatoka. La pili ni kuweka jumlisha na sifuri zote pamoja, +000254, kwa nia njema ya kuhakikisha. Jumlisha ndiyo hizo sifuri tatu. Moja inatosha.

Ukizipanga hizi tatu pamoja na ile ya penseli kwa dada mmoja wa Mombasa, kutoka hapa, zinakuwa hivi:

0712 na sita: inampata mtu mwingine, hapa hapa Tanzania
005 712 na sita: inampata, ukiwa Tanzania au Uganda tu
000 254 712 na sita: inampata, ukiwa nchi inayotoka kwa sifuri tatu
+254 712 na sita: inampata, popote

Mimi sioni ubishi. Kwa simu ya mkononi andika jumlisha na usihangaike na nyingine. Ziandike hivyo hata namba za Unguja na Pemba. Wengi hudhani ya kwa Bi mdogo wa Michenzani haina haja ya +255, kwani yuko hapo ng'ambo ya barabara. Siku utakayoshuka Maskati na kununua laini ya huko, 0777 zote zilizomo kwenye simu yako zitakuwa hazina kwao, na utaanza kuzirekebisha moja moja uwanja wa ndege.

Njia rahisi ya kupata namba ikiwa imekamilika ni kumwambia mwenyewe akubipu. Ikiingia kutoka nje, mara nyingi inakuja na jumlisha yake na msimbo wake, wewe unahifadhi tu. Mkenya mwambie "nifilashi", ndiyo lugha yao. Ukisema bipu ataelewa lakini atacheka. Na usishtuke ukiona +254 ikifuatwa na 1. Kenya siku hizi wana namba za mkononi zinazoanza na 010 na 011, siyo 07 peke yake. Nilishawahi kumkatalia mteja kwamba amekosea kuandika, kumbe mimi ndiye niliyepitwa.

WhatsApp au simu ya moja kwa moja?

Hapa ndipo uamuzi wa kweli ulipo, na hapa sina jibu moja.

Simu ya moja kwa moja kwenda Kenya inakula salio. Kifurushi ulichonunua cha "mitandao yote" ni cha mitandao yote ya Tanzania. Wateja wanagombana na mimi kuhusu hili kana kwamba mimi ndiye niliyekitunga: ana dakika mia, kapiga Mombasa, salio lake la pembeni limekwisha na dakika mia ziko pale pale hazijaguswa. Kabla ya kupiga, ingia menyu ya mtandao wako utafute dakika za kimataifa au za Afrika Mashariki, na usome zinataja nchi gani. Zingine zinaitaja Kenya na kuiacha Komoro. Ukipiga bila kifurushi, jua unalipa kwa bei ya rejareja, na maongezi ya Kipemba hayana dakika moja. Salamu peke yake zina milango mitatu.

WhatsApp inatumia bando la intaneti, na hapo Mombasa na Mkunazini ni sawa tu. Ukiwa na bando la wiki, unaongea na kumuona mtu. Lakini inataka mambo manne yakutane: simu ya kisasa kwako, simu ya kisasa kwake, intaneti nzuri kwako, intaneti nzuri kwake. Moja likikosekana utasikia "haloo, haloo, unanisikia?" mpaka bando likaisha. Na bado inataka namba iwe na msimbo. Ile ya penseli ukiiweka kwenye simu, WhatsApp inadhani ni ya Tanzania kwa kuwa yako ni ya Tanzania, na itakuletea picha ya mtu usiyemjua amesimama mbele ya gari jekundu. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Mama alisema dada yake amenyoa ndevu.

Kuna jingine ambalo wenye simu nzuri hulisahau. Mama mkubwa ana kitochi na hataki kingine. Wajukuu walimnunulia simu ya kupapasa, akaiweka kabatini ndani ya kasha lake. Kwake WhatsApp haipo, na kumwambia mtu mzima "mtafute jirani mwenye simu akuunganishe" ni kumnyima faragha ya maongezi na ndugu yake. Habari ya msiba nayo haisubiri alama mbili za bluu. Kwetu, kifo, ugonjwa na kuposa ni simu ya moja kwa moja, kwa salio, hata ikiwa dakika mbili. Habari za watoto, mapishi na nani kaoa nani ziende WhatsApp.

Emirati ni habari nyingine. Huko simu za sauti za WhatsApp zimezuiliwa kwa miaka mingi. Ujumbe wa maandishi na wa sauti unapita, maongezi ya moja kwa moja hayapiti. Kaka yangu aliye Dubai tunatumiana sauti kama watu wanaopeana barua. Akitaka kuongea kweli, yeye hununua dakika za huko na kupiga 00 255.

Wengine wa herufi M

Msimbo wa nchi ukiujua, kilichobaki ni kujua kama namba ya huko ina sifuri ya kutoa au haina. Hapo majirani hawafanani.

Maskati ni +968, kisha tarakimu nane, hakuna sifuri ya kutoa. Za mkononi huanza na 9 au 7. Za mezani za mjini Maskati huanza na 24, na sisi Zanzibar kwa simu za mezani ni 024. Kwa hiyo mtu akikusomea "mbili nne" peke yake muulize kwanza kama yuko Maskati au Malindi ya Unguja. Saa zao ziko mbele yetu kwa moja. Ukimpigia ami saa nne usiku, kwake ni saa tano, ameshalala.

Dubai na Abu Dhabi ni +971, na wao wanayo sifuri: 05 ya ndani inakuwa +971 5.

Moroni na Komoro nzima ni +269 na tarakimu saba tu. Hazina sifuri, ni fupi, na watu huja kwangu wakidhani wamepungukiwa. Hawajapungukiwa. Mayotte ndiyo inayosumbua. Zamani ilitumia 269 pamoja na visiwa vingine vya Komoro, lakini tangu mwaka 2007 iko kwenye +262 pamoja na Réunion, kwa kuwa iko chini ya Ufaransa. Kwenye daftari la mama Mayotte ilikuwa bado 269, na kwa miaka tulidhani ndugu yule amekata undugu. Alikuwa amebadilishiwa msimbo tu.

Maputo ni +258, za mkononi ni tarakimu tisa zinazoanza na 8, hakuna sifuri. Wako nyuma yetu kwa saa moja.

Ukizitazama vizuri utaona zimepangana kama nyumba za mtaa: 254 Kenya, 255 sisi, 256 Uganda, 257 Burundi, 258 Msumbiji, kisha 260 Zambia. Iko wapi 259? Iliwekwa kwa ajili ya Zanzibar. Haikuwahi kutumika, baada ya Muungano wa 1964 visiwa vikaingia kwenye 255, na nyumba ile ya 259 imebaki kiwanja kitupu mpaka leo. Kila mtu atailezea kwa siasa yake, mimi nauza vocha. Ninachotaka msomaji akichukue ni hiki: Zanzibar na Bara ni nchi moja kwa simu. Wageni, na hata Wabara wengine, huniuliza kodi ya kupiga Dar. Hakuna. Simu ya mkononi unapiga kama ilivyo, na ya mezani ni 022 kwa Dar, 024 kwa Unguja na Pemba zote mbili. Ukikuta kibao cha zamani Mji Mkongwe kimeandikwa 054, hiyo ilikuwa ya kwetu kabla ya 024, usihangaike nayo.

Ukiwa unasafiri mwenyewe

Mwenye kuvuka kwenda Mombasa ana mambo mawili ya kuchagua: abaki na laini yake kwa romingi, yaani ikitumia mtandao wa huko, au anunue laini ya Kenya.

Romingi imepata historia nzuri upande wetu. Mwaka 2006 kampuni ya simu ya Celtel iliunganisha Kenya, Tanzania na Uganda, mteja akawa anavuka mpaka na kupiga kama yuko kwao. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zikaanza mpango wa mtandao mmoja wa kupunguza bei za romingi kati yao. Lakini usiende kwa historia. Nenda kwa menyu ya mtandao wako wa leo, uulize bei ya kupokea, bei ya kupiga na bei ya intaneti, zote tatu, kwa sababu ya tatu ndiyo inayouma.

Safari ya siku mbili, harusi au matibabu: baki na laini yako, zima intaneti ya romingi, tumia waifai ya wenyeji, pokea simu za dharura tu. Safari ya wiki na zaidi: nunua laini ya huko kwa pasipoti yako, iweke kwenye nafasi ya pili, na ya nyumbani ibaki kwa ajili ya ujumbe wa benki na pesa. WhatsApp haitabadilika, itaendelea na namba yako ya 255 hata laini nyingine ikiwa ndiyo inayoleta intaneti. Wageni wengi wanaogopa hapo na kukubali kubadilisha namba. Kataa, la sivyo utapotea kwa kila mtu.

Wavuvi wa dago, wanaopiga kambi ugenini, wao hawachagui, wanachaguliwa. Mtu wa Kojani, Pemba, anayefuata samaki mpaka upande wa Vanga na Shimoni, simu yake inashika mnara wa Kenya yeye akiwa bado anavuta nyavu, na ujumbe wa kumkaribisha Kenya unaingia mfukoni. Kama romingi imewashwa na bando liko wazi, salio linaweza kwenda na maji. Wazoefu huzima romingi kabla ya kuondoka pwani, au huchagua mtandao kwa mkono badala ya kuuachia simu. Wengi wana laini mbili kama walivyo na jamaa pande mbili. Wapemba wamekaa pwani ya Kwale na Kilifi vizazi kadhaa, na ni mwaka 2023 tu Serikali ya Kenya ilipowatambua kuwa raia. Simu zilikuwa zimeshawahesabu wa pande zote mbili zamani.

Ile unayoikuta imekatika

Simu iliyoita mara moja ikakatika kutoka msimbo usioujua, iache. Huo ni mtego wa zamani: ukirudisha, unalipia simu ya nje ya bei kubwa huku ukisikiliza muziki. Si kila +269 ni ndugu wa Moroni. Mwenye shida na wewe atatuma ujumbe au atapiga tena. Kwa mama nimeweka sheria moja, kama msimbo haumo kwenye ukurasa wa M, asirudishe.

Mwezi uliopita nilimnakilia ukurasa ule upya, kila mtu kwa jumlisha yake. Ya 005 niliitaka niiache, akakataa, akasema ule ni mwandiko wa baba yako. Nikaibandika ilivyo. Nilipofika mwisho akanisomea jina moja nisilolijua, mwanamume, +255 712 na tarakimu sita. Nikamuuliza huyu wa wapi.

"Wa Mwanza," akasema. "Si naye anaanza na M?"